Mkono wa Kushoto wa Orrin Tackett

Lodwar
Jumapili, 26 Mei 2024

Kwako uliye na nusu ya pili,

Jina lako silijui. Ninachojua ni kwamba katika shule moja huko Kakuma kuna kitabu kinachoanzia ukurasa wa 143. Kama wewe ndiye unayekisoma, basi mimi ndiye niliye na kurasa zinazokitangulia. Naitwa Nawoi, niko kidato cha tatu katika shule ya bweni hapa Lodwar. Sijawahi kumwandikia mtu nisiyemfahamu, na barua hii nimeianza mara nne.

Madam Awino, anayesimamia maktaba yetu, alinisimulia ilivyotokea. Vitabu vya msaada vilikuja kwa lori, shule yetu na yenu zigawane sawasawa. Joto la ghala lilikuwa limeyeyusha gundi, kitabu hiki kikapasuka mgongo katikati. Walipohesabu, boksi la shule moja lilipungukiwa kitabu kimoja. Mtunza ghala akazitazama nusu mbili, akatia moja katika kila boksi, hesabu ikatimia. Madam anasema alitia sahihi bila kupepesa jicho.

Kitabu ni cha Orrin Tackett, dereva wa mbio za magari wa Marekani, miaka ya hamsini ya karne iliyopita. Sipendi magari. Nilikichukua kwa sababu hakuna aliyekuwa amekichukua. Sasa siwezi kulala vizuri, maana nusu yangu inaishia hivi, mwaka 1953, katika zile mbio kubwa za maili mia tano, siku ya joto kali mno: “Katika mzunguko wa mia moja hamsini na moja, Tackett aliinua mkono wake wa kushoto na”

Basi. Hakuna nukta.

Na nini? Tafadhali niambie.

Barua hii italetwa na kaka yangu, Etabo. Anaendesha pikapu ya abiria ya Lodwar na Kakuma, ile nyeupe yenye utepe wa kijani kwenye bampa. Kila Jumamosi hupita getini kwetu kuniletea sabuni, na mimi humsomea kurasa chache nikizitafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu aliacha shule darasa la saba. Yeye anasema Tackett aliinua mkono kuwapungia watazamaji. Mimi nadhani alikuwa anajifuta jasho.

Ninayesubiri,
Nawoi


Kakuma
Jumamosi, 1 Juni 2024

Kwako Nawoi, mwenye mwanzo,

Jina langu ni Nyang. Niko kidato cha nne. Kitabu ninacho kweli, na kwa miezi miwili nimeamini kwamba Orrin Tackett alizaliwa akiwa na miaka thelathini na minane, ameketi ndani ya gari, amekasirika.

Kabla sijakupa mkono wake, nisaidie. Viola ni nani? Katika nusu yangu Viola yupo kila mahali. “Viola alikuwa akimngoja.” “Viola alikataa kuwaka.” Nimeshindwa kujua kama ni mke, dada au lori.

Tufanye biashara ya haki. Wewe unipe mwanzo, mimi nitakupa mwisho. Sitaki kukupa mwisho bure kisha unisahau. Hapa kambini Kakuma wakimbizi wamezoea kupewa sehemu ya kwanza ya jambo na kuambiwa wasubiri ya pili. Mama yangu ana fomu za aina hiyo tangu mwaka nilipozaliwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nina sehemu ya pili mkononi, acha nijivunie kidogo.

Kaka yako nimemwona. Alinipa barua bila kuzima injini. Akaniuliza, “Wewe ndiye Orrin?” Nikasema hapana. Akasema, “Basi ni mimi,” akaondoka, vumbi lote likanibakia.

Nyang


Lodwar
Jumapili, 9 Juni 2024

Kwako Nyang,

Viola ni lori la maziwa. Nilicheka hadi bweni zima likaniuliza nina nini, nami si mtu wa kucheka kwa sauti.

Huu hapa mwanzo wako. Tackett alizaliwa Kansas, katika shamba la baba aliyefuga nyumbu. Akiwa na miaka kumi na minne alipewa Viola kupeleka maziwa mjini kabla jua halijayaharibu. Kitabu kinasema hapo ndipo alipojifunza mwendo, kwa sababu maziwa hayamsubiri mtu. (Etabo aliniomba nirudie hapo. Sisi ni wa Lorugum, na mama yetu bado huamka na kibuyu.) Baadaye akaanza kushindana katika viwanja vya udongo kwenye maonyesho ya wakulima. Alikuwa akichuana na mtu mmoja aitwaye Ames Purdy, na walichukiana kabisa. Kila aliyemshinda mwenzake alimwachia yai bichi kwenye kiti. Vikaja vita, akaendesha malori ya jeshi. Aliporudi alinunua gari dogo la mbio lililowahi kuungua. Mwaka 1949 akaingia kwenye zile mbio kubwa kwa mara ya kwanza, injini ikafa mzunguko wa ishirini. Mwaka 1950, gurudumu likatoka. Mwaka 1951 alikuwa wa pili kwa saa nzima, kisha bomba la mafuta likapasuka. Hajawahi kumaliza hata mara moja! Ndiyo maana lazima nijue mkono ule uliinuliwa kwa nini. Kama mwaka 1953 alishinda, nataka nimwambie Etabo. Kama hakushinda, nataka nijue kwanza mimi.

Nitakueleza sababu. Tajiri wa Etabo, Bwana Mureithi, ananunua gari jipya. Amesema dereva atakayefanya safari nyingi kuliko wote kufikia mwisho wa Julai ndiye atakayekabidhiwa. Wanaoshindana kwa kweli ni wawili, Etabo na Adome. Unajua steji zilivyo: anayefika kwanza hupakia kwanza, anayefika wa pili hukaa juani akisubiri lijae la mwenzake. Tangu lami ikamilike Etabo anakwenda na kurudi mara mbili kwa siku, siku nyingine mara tatu. Anatafuna miraa badala ya chakula. Jumamosi alisinzia amesimama, amelishika geti letu, nikiwa katikati ya sentensi. Alipozinduka alisema, “Endelea, nasikia.” Nilikuwa nimeacha kusoma zamani.

Nimelipa. Sasa nipe mkono.

Nawoi


Kakuma
Jumatano, 19 Juni 2024

Kwako Nawoi,

Samahani kwa kuchelewa. Mama yangu, Amou, alikwenda hospitali ya Lodwar kwa ajili ya macho, nami nikabaki na wadogo zangu. Alikwenda na kurudi kwa gari la kaka yako. Nilimwuliza safari ilikuwaje. Alisema, “Dereva ni kijana mzuri, ana heshima, amekataa kunikalisha nyuma.” Halafu akatoka nje na rozari yake, akaishika mchana kutwa.

Huu ndio mwisho uliouomba. Tackett aliinua mkono wake wa kushoto na kujikinga uso, kwa sababu moshi ulikuwa umeingia. Alikuwa amechoka sana. Alikuwa ameambiwa apumzike akakataa. Gari likagonga ukuta. Alikufa palepale. Kurasa zilizobaki ni za mazishi.

Msomee kaka yako.

Nyang


Lodwar
Jumapili, 30 Juni 2024

Kwako Nyang,

Sikuhitaji kumsomea. Alikuwa ameshaifungua.

Bahasha zangu nazibandika kwa uji, na yako ilikuja imebandikwa kwa uji pia, ila uji wa siku hiyohiyo, bado haujakauka. Nilimtazama, akatazama magurudumu. “Nilitaka tu kujua kama alishinda,” akasema. Nikadhani atakuwa na hofu. Nyang, alikuwa anang'aa! Alisema, “Umeona? Hakuomba ruhusa ya mtu. Alikwenda mpaka mwisho wa barabara.” Sasa ameandika ORRIN kwa chokaa juu ya kioo cha mbele. Wiki hii amefanya safari kumi na saba. Adome amefanya kumi na sita. Pale steji wanamwimbia, na kina mama wanaouza chai wanamwita Fundi wa Ukuta kwa sababu ya kile kifo, naye anacheka.

Kama ulitaka kumwogofya, hukumjua. Kaka yangu hajawahi kuogopa kufa. Baba alikufa akifuata ng'ombe walioibwa, na Etabo alikuwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo watu wamemwambia baba yake alikuwa dume. Anachoogopa ni kuonekana amekaa.

Na kuna jambo jingine. Nusu yangu ndiyo yenye ukurasa wa yaliyomo. Niliyatazama tena jana. Sura ya mwisho ya kitabu, ukurasa wa 271, inaitwa “Viola Tena”. Nimekaa nikiwaza: maiti anafanya nini na lori la maziwa?

Sina hasira. Naandika polepole ili nisiwe na hasira. Lakini mimi ni mtu ambaye huamini kilichoandikwa, Nyang. Nina vitu vichache vingine vya kuamini.

Nawoi


Kakuma
Jumatano, 10 Julai 2024

Kwako Etabo,

Bahasha ina jina la dada yako, lakini wewe ndiye utakayeifungua, kwa hiyo nakuandikia wewe. Ejok, kama mnavyosalimiana kwenu.

Nilidanganya. Mama yangu aliniambia jambo ambalo sikumwandikia Nawoi. Alisema mlipokuwa mnarudi, gari lilitoka kwenye lami likatembea kwenye changarawe muda wa sala ya Baba Yetu nzima, na alipogeuka alikuona macho umefumba na mikono imeshika usukani vizuri kabisa, kama mtu anayesali. Hakukugusa, aliogopa ukishtuka utageuza. Alikuita jina, polepole, kama anavyoniamsha mimi. Ukafumbua ukasema, “Naam, mama.” Huenda hukumbuki. Basi nikaona nikikuandikia kifo utapunguza mwendo. Nilikosea. Niwie radhi.

Ukweli ndio huu, ninautafsiri neno kwa neno kutoka ukurasa wa 143: “na kwa ishara hiyo, ambayo kila fundi uwanjani aliijua, akaomba dereva mwingine.”

Siku hizo ndivyo ilivyokuwa. Dereva akizidiwa, anainua mkono, anaingia pembeni, anashuka, mwingine anapanda gari lilelile anaendelea. Joto lilikuwa limempika. Kitabu kinasema aliona barabara mbili na hakujua ipi ni ya kweli. Dereva wake wa akiba alikuwa amekwisha kuchukuliwa na gari jingine. Aliyekuwa amekaa pale bila kazi, gari lake limekufa mapema, alikuwa Ames Purdy. Yule wa mayai. Purdy alipanda, akamaliza wa saba. Ndiyo mara pekee gari la Tackett lilipowahi kumaliza mbio zile.

Magazeti yalimcheka. Walimwita Bwana Maziwa. Aliendesha miaka mitatu zaidi, akainua mkono mara mbili nyingine, hakushinda kamwe, kisha akarudi kwa Viola.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nione aibu kwa uongo wangu. Katika nusu yangu kuna picha ya madereva kumi na mmoja wamesimama mstari mmoja, mwaka huo wa 1953, wanacheka. Nimefuata majina yao mpaka mwisho wa kitabu. Kufikia mwaka 1960 saba walikuwa wamekufa wakiendesha. Tackett alibeba jeneza la kila mmoja. Mtu aliyeinua mkono ndiye aliyebaki na mabega ya kuwabebea wenzake. Alikufa kitandani, ana miaka themanini na mmoja.

Mpe Nawoi barua hii ukimaliza. Nusu yangu ya kitabu nimeifunga pamoja nayo, ili asilazimike kuniamini.

Nyang


Lodwar
Jumanne, 16 Julai 2024

Nyang,

Naandika nikiwa ofisini kwa Madam Awino, amenipa dakika kumi. Etabo hakuja Jumamosi. Jumapili mtu alifika steji akasema gari la Etabo limeonekana kando ya barabara ya Kakuma, milango yote wazi, hakuna mtu ndani wala karibu, miraa imemwagika chini. Jana mwingine akasema kuna damu. Leo asubuhi wasichana wawili wa bweni walikuja kunishika mkono, nami najua maana yake.

Simu yake haipatikani. Bwana Mureithi haonekani dukani kwake. Mama yuko Lorugum na hajui, na mimi ndiye nitakayemwambia.

Barua hii inapelekwa na nesi anayekuja huko. Nenda steji, tafadhali. Uliza. Usinifichie chochote, hata kama unadhani ni kwa faida yangu. Hasa ukidhani hivyo.

N.


Kakuma
Jumatano 17 Julai

Nawoi mtoto ya mama,

Ejok. Ni mimi Etabo, mimi mwenyewe naandika, Nyang amekaa hapa ananipea karatasi na kucheka herufi zangu. Niko mzima. Hakuna damu. Nani amesema damu? Hiyo ilikuwa mate ya miraa.

Simu ilianguka kwa ndoo ya maji, usiulize. Barua ya Nyang na ile nusu ya kitabu iko kwa dashibodi, nilitaka kukuletea Jumamosi. Nilifungua hapa steji. Nilisoma mara mbili. Nikakasirika sana. Nikasema huyu kijana ananiita mwoga na anatumia jina ya mzungu. Nikapakia watu kumi na mbili na mbuzi mbili, nikatoka namba moja. Adome alikuwa anajaza nyuma yangu.

Sasa sikia. Nilikuwa naona kilima ya Pelekech iko mbele, upande wa kulia. Nikafunga macho kidogo tu, kama mtu ameingiwa na vumbi. Nikafungua. Kilima iko nyuma. Nawoi, hiyo kipande ya barabara naijua, si ndogo. Nani aliendesha hapo katikati? Si mimi. Na watu nyuma walikuwa wanaimba.

Nikasimamisha gari. Nikazima. Hiyo injini haikuwa imezimwa tangu asubuhi, masikio yangu ikalia. Watu wakaanza, dereva ni nini, dereva tuko na jua huku, dereva unataka kujisaidia si uende haraka. Nikasema siendi. Mzee mmoja akasema, “Kwani gari imekufa?” Nikasema gari iko sawa, ni mimi nimeisha. Mama mmoja wa samaki akasema, “Weee! Tangu lini dereva anaisha kama mafuta?” Wakacheka mpaka mbuzi ikaogopa.

Nikasikia gari ya Adome inakuja. Naijua sauti yake kama ya ndugu. Nikatoka katikati ya barabara nikainua mkono. Ile ya kushoto. Sikufikiria, iliinuka tu. Akanipita! Alidhani ni ujanja ya kumchelewesha. Akaenda mbali, nikaona taa ya breki, akarudi kinyumenyume. Akateremsha kioo, akasema, “Etabo, mchezo gani hii?” Nikasema, “Beba watu wangu.” Akaniangalia. Unajua hakuna mtu amewahi kusema hiyo maneno kwa hii barabara. Akasema, “Hiyo ni safari yako, itahesabiwa kwangu.” Nikasema, “Ihesabiwe.”

Watu wakapanda kwake juu ya watu wengine, mama ya samaki akanipigia kelele ya mwisho. Wakaenda. Nikafungua milango sababu ya joto, nikashuka kwa mchanga ya laga kavu, nikalala chini ya mti ya ewoi. Nililala mpaka kesho yake, Nawoi. Watoto wanachunga mbuzi walikuja kunisukuma na fimbo kuona kama niko hai. Hapo ndipo watu wako wa steji wameona gari haina mtu.

Nilirudi hapa Kakuma polepole, mama ya Nyang akanipa chakula, nikalala tena siku mbili kwa mkeka wake. Leo Adome amekuja kunitafuta. Nikajua amekuja kucheka. Alikaa chini. Akasema yeye mara ya mwisho alilala kitandani ni Alhamisi ile nyingine, na alikuwa anangoja mimi nichoke kwanza.

Waambie hao wasichana waache kukushika mkono.

Etabo


Lorugum
Jumatatu, 5 Agosti 2024

Kwako Nyang,

Barua ya Etabo ilinifikia kesho yake, Alhamisi, wakati wa hesabu. Nililia darasani, mbele ya watu arobaini na tano, na mwalimu Wekesa akadhani ni kwa sababu ya logarithimu.

Adome naye alikwenda kulala siku nne, lakini gari jipya limekwenda kwake, kwa tofauti ya safari moja, na wewe unaijua ni ipi. Adome alilipokea mbele ya watu wote, akampigia Bwana Mureithi saluti, kisha akamwambia kwamba asubuhi ataliendesha yeye na jioni ataliendesha Etabo, la sivyo akae na funguo zake. Bwana Mureithi alisema hajawahi kuona upuuzi kama huo. Mpaka leo asubuhi upuuzi ulikuwa bado unaendelea. Siku ya kwanza Etabo alipopanda, alikuta yai bichi kwenye kiti. Sijui nani alimweleza Adome habari ya mayai, na Etabo anaapa si yeye.

Pale steji hawajamsamehe. Yule mama wa samaki bado huuliza, “Leo umejaa au uko nusu tangi?” Etabo hujibu, “Nimejaa, mama, panda.” Zamani angeacha kuongea naye. Bado ana haraka, usidhani amekuwa mtakatifu. Anatikisa mguu hata akila. Lile neno ORRIN la chokaa amelifuta mwenyewe.

Nusu mbili za kitabu nimezishona kwa uzi wa gunia na sindano ya Mama. Ukurasa wa 142 sasa unatazamana na wa 143, na sentensi inapita juu ya mshono bila kujikwaa. Madam Awino ameniuliza tufanyeje, maana vitabu viwili vimekuwa kimoja na mtunza ghala atakuja kukagua. Nimemwambia kitakuwa kikisafiri: mwezi kwenu, mwezi kwetu. Ukifika mwezi wa mtihani wako kitakuwa kwangu, ili kisikusumbue. Kitapita kwa mkono wa Etabo, na sitakifunga kwenye bahasha.

Nimesoma mwisho halisi mwenyewe. Umetafsiri vizuri. Ila ulisahau kuniambia kwamba katika ile picha ya watu kumi na mmoja, Tackett ndiye pekee ambaye hakuwa anacheka.

Jambo moja la mwisho, kwa kuwa najua utaniuliza kama kweli amebadilika. Ijumaa tulifunga shule. Wasichana wote walichukuliwa, nikabaki nimekaa juu ya sanduku langu getini. Saa nane, saa tisa, saa tisa na nusu. Etabo, ambaye hajawahi kufika wa pili mahali popote, alikuja wa mwisho. Alishuka taratibu, akanichukulia sanduku bila kusema samahani. Nilitaka kumgombeza. Kisha akageuza uso kulitia sanduku nyuma, nikaona shavu lake la kushoto. Lilikuwa limejaa mistari ya mkeka, kuanzia jicho mpaka kidevu.

Nawoi